Chumba cha Nyuma, Chenye Roshani

S.L.P. 41,
Lodwar.
19 Februari 2013

Mpendwa mwanangu Ashley,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye jua. U mzima? Kile kifua kilichokusumbua kimepona, au baridi ya mashine za melini bado inakutesa? Usinywe vitu vya barafu hata kama ni vya bure. Sisi hatujambo, kwa maana tunakula na tunaamka. Mengine utayasoma humu.

Picha za meli nilizipata, na swali lako pia. Unataka kujua mimi na mume wangu, mjomba wako Omollo, tukatiwe chumba gani kwenye safari ya Agosti, hiyo ambayo wafanyakazi mmeruhusiwa kuleta jamaa zenu. Umenishauri cha katikati, kwamba hakiyumbi na kiko karibu na lifti. Asante, lakini hapana. Tutafutie cha nyuma kabisa, chenye roshani inayotazama kule meli inakotoka.

Kisiwe cha kwenye kona. Unakisifu kwamba roshani yake ni kubwa na inazunguka pande mbili. Mjomba wako akipewa pande mbili za kulinda hatapata hata lepe la usingizi. Uzio wa roshani uwe wa chuma, maana kioo hakizuii kitu. Na juu pawe pamefunikwa, mtu wa ghorofa ya juu asituchungulie. Unasema injini inatetemesha kitanda huko nyuma. Mwanangu, acha itetemeshe.

Najua unacheka. Utakuwa unasema shangazi amezeeka vibaya, ameanza kuchagua chumba kama anachagua handaki. Basi nikueleze, kwa sababu baba yako alikuambia kwenye simu kwamba tulipata ajali, na neno hilo limenichosha. Haikuwa ajali.

Oktoba mwaka jana Omollo alikwenda Kitale na Kuot kuleta unga na vitunguu vya duka la Kuot kule Kakuma. Huyu Kuot hukumjua. Alikuwa Mdinka wa Sudan Kusini, mkimbizi mwenye duka kambini na mzee wa kanisa, mrefu wa kuinama kwenye kila mlango. Yeye na mjomba wako walifanya biashara pamoja mpaka watu wakawaita mapacha, mmoja mlingoti na mwingine pipa. Wakati wa kurudi Omollo aliendesha pikapu, na Kuot akakaa nyuma juu ya magunia, uso ukitazama walikotoka. Barabara hii kila gari lina mtu wake wa kutazama nyuma, kwa kuwa wenye bunduki hukuacha upite kwanza ndipo wakupige.

Walipopita Kalemng'orok, mtu mmoja alisimama kando ya barabara ameinua mtungi wa plastiki wa manjano, mdomo chini. Hiyo ni alama ya kiu, na huku ukiiona unasimama. Hakuna anayemwacha mtu wa mtungi mtupu, hata madereva wa makandarasi wa mafuta wameshajifunza. Omollo akasimama. Alikuwa ameinama kuchukua chupa ya maji chini ya kiti wakati risasi zilipoanza kutoka kwenye korongo, kwa nyuma.

Kuot aliwaona kwanza. Angeweza kulala chini kati ya magunia. Badala yake alisimama wima nyuma ya kichwa cha mjomba wako, akawa anagonga bati kwa ngumi na kupiga kelele waondoke. Omollo alikanyaga mafuta na magurudumu yaliyopasuka mpaka Lokichar, na njiani akawa anaisikia ngumi ile juu ya kichwa chake, kisha hakuisikia tena. Alipofungua nyuma, risasi zilikuwa zimempasua kifua na kumng'oa taya. Vitunguu vilikuwa vyekundu. Omollo alimshusha peke yake, na aliyekuja kumsaidia akala teke lake la tumbo. Nyumbani ilibidi nimnyoe Omollo nywele, damu ya Kuot ilikuwa imegandamana haitoki kwa maji.

Tulimzika Kuot Kakuma. Mkewe, Abuk, hakulia mbele ya watu. Alimuuliza Omollo jambo moja tu, kama mumewe alikufa akitazama walikotoka. Omollo akasema ndiyo.

Tangu siku hiyo mume wangu hajampa mtu mgongo. Kiti chake kimegusa ukuta. Kanisani anakaa benchi la mwisho, na mchungaji anadhani ni unyenyekevu. Mwendesha bodaboda aliyesimama nyuma yake kwenye foleni ya mafuta alipigwa ngumi akapoteza jino. Usingizini alinikaba shingo, nikamwambia akirudia nitamgonga na sufuria. Alirudia, na nilimgonga. Panga alilokuwa akililaza kando ya kitanda likahamia mlangoni.

Desemba alikwenda Lokichar kununua mbuzi. Alikuwa amekaa garini, mlango wazi, na mtu mmoja anayeitwa Epuyo akaja kwa nyuma na mtungi mkononi kuomba maji. Omollo alimpiga na spana ya magurudumu, akamvunja mkono. Alipoanguka akampiga tena usoni. Watu wa soko nao wakamshukia mjomba wako kwa mawe na fimbo, wakavunja kioo cha gari na mbavu zake, na wangemmaliza kama askari hawangefyatua risasi hewani. Wazee walikaa wakasuluhisha kwa mbuzi walewale aliokwenda kununua. Epuyo akaletwa hospitali hapa Lodwar, na Omollo akaletwa kwangu.

Hapo ndipo niliogopa kwa kweli, Ashley. Sikuogopa majambazi tena. Nilijua huyu mwanaume asipotolewa hapa kwa muda ataua mtu asiye na hatia, au atauawa, na mimi nitabaki kueleza watu kwamba alikuwa mpole. Barua yako ilinikuta nikiomba njia. Lakini nilipomwonyesha picha alisema hapandi kitu ambacho hawezi kuona kinachomfuata. Halafu akaanza habari za maharamia aliowasikia redioni, kwamba nao huja kwa nyuma. Nilimbembeleza, nikanuna, nikamtukana. Ndiyo sababu nimechelewa kukujibu, usidhani nilidharau.

Jumapili iliyopita tumetoka kanisani, napepeta mchele uani, geti likagongwa. Nikachungulia. Ni Epuyo, mkono umetolewa plasta lakini umepinda, taya limekaa upande, na mkono mzima umeshika mtungi. Kioski cha maji cha mtaa kilikuwa kimekauka wiki nzima na watu walikuwa wanaomba penye tangi. Sijui kama alijua nyumba ni ya nani. Nadhani alijua.

Kabla sijasema neno, Omollo alikuwa ameshachukua panga. Nilimshika shati likararuka, nikabaki na kola. Nilipiga kelele jina la Yesu na jina la mama yake. Epuyo hakukimbia. Alisalimu kwa Kiturkana, "Ejok, mzee." Epuyo akainua mtungi kidogo, akasema, "Mimi nataka maji. Hata ile siku ilikuwa maji tu."

Mjomba wako alisimama pale na panga lile, anahema kama amepanda mlima, na mimi nilikuwa nimeshamwona Epuyo amelala chini ameshakufa, hivyo ndivyo nilivyokuwa na uhakika. Kisha akaliweka panga juu ya tangi. Akafungua geti, akachukua mtungi, akafungua bomba. Ulijaa polepole. Akamtwika Epuyo begani, upande wa mkono mzima, akamshikilia mpaka uzito ulipotulia. Maji yakawamwagikia wote wawili.

Epuyo akageuka akaenda zake, mgongo wazi kabisa, kama mtu asiye na adui. Omollo hakuweza hilo. Alirudi nyumbani kinyumenyume, macho kwenye geti, ua wote, akakanyaga ungo wangu na mchele wote, akajigonga kwenye kizingiti, akaingia hivyohivyo. Aliketi sakafuni akalia kwa sauti kubwa mpaka majirani wakaja, nikawafukuza.

Alipotulia akaniambia nikuandikie. Maneno yake ni haya: "Mwambie mtoto nitakuja. Ila nikae nyuma."

Basi umeelewa. Usitutafutie kizuri, tutafutie hicho. Ukikikosa usitukatie kingine, tutangoja safari nyingine. Nataka akae pale na chai yake, atazame nyuma asubuhi mpaka jioni, aone hakuna anayekuja, na kesho aone tena hakuna, mpaka mwili wake ukubali. Hata kama atamaliza safari nzima bila kuona bandari tunayoendea, mimi nitamsimulia.

Baba yako anakusalimu, amepona goti na amerudia ubishi wake. Abuk anakusalimu pia kutoka Kakuma, duka amelifungua tena mwenyewe. Msalimie ndugu yako Morgan na umwambie aandike, mkono wake haujavunjika.

Mungu akulinde mbele unakotazama, na zaidi nyuma, usikotazama.

Ni mimi shangazi yako nikupendaye,
Chepkemoi