Shahidi Asiyebeba Mzigo

Minova, tarehe 4 Machi 2023

Papa yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote. Umeamka na nguvu? Kikohozi ulichopata kwenye matanga ya Mama kimetulia? Mimi ni mzima. Kwa kuwa masikio yako na simu havipatani, barua hii nimempa binamu yangu Modeste, mtoto wa tonton, anayefanya kazi kwenye boti ya Bukavu.

Utafiti wangu umeanza. Nafuata wabebaji wa soko: wanakula nini, mgongo unawauma wapi, nguvu zinawaishia saa ngapi. Kuna jaribio moja: mtu anakaa kitini, mikono kifuani, anasimama na kukaa mpaka nusu dakika iishe. Tunahitaji pia mtu wa umri wao asiyebeba, wa kulinganisha naye. Tunamwita témoin, yaani shahidi. Professeur anayesimamia utafiti hatakubali shahidi wa mbali, lakini mimi nakutaka wewe. Fanya kila Jumapili baada ya misa, uniandikie.

Binti yako, Lucie


Bukavu, tarehe 12 Machi 2023

Binti yangu Lucie,

Amani ikufikie huko. Kikohozi kimeondoka. Leo nilisimama mara kumi na mbili, nimeandika kwenye daftari yangu chini ya habari za mvua.

Jirani yetu Maman Georgette, yule anayebeba unga wa watu kutoka soko la Kadutu, alinichungulia dirishani. "Papa Constantin, kile kiti kimekukosea nini?" Nikamwambia ni kazi ya sayansi. "Basi sayansi ikiisha, kuja unisaidie gunia!" Watoto wake walicheka mpaka wakakaa chini.

Wewe unakula vizuri?

Papa yako


Bukavu, tarehe 9 Aprili 2023

Binti yangu,

Heri ya Pasaka. Mimi ni mzima. Mara tisa. Labda kiti kimekuwa kifupi.

Papa yako


Minova, tarehe 16 Aprili 2023

Papa,

Nakusalimu, na afya yako safari hii naiuliza kwa kweli. Kuna wamama hapa waliokuzidi umri. Wanakunywa uji wa mtama alfajiri, wanabeba mchana kutwa, na kitini wanakushinda. Jana ulikula nini? Usinijibu "nakula". Nitajie kilichokuwa kwenye sahani.

Lucie wako


Bukavu, tarehe 21 Mei 2023

Lucie,

Salamu. Nimekawia, nisamehe. Leo ni mara saba, na ya mwisho nilishika meza.

Kwenye sahani hakuna kitu. Nakunywa chai, siku nyingine na mkate. Si kwamba tumekosa. Unga upo, sambaza kavu, dagaa wetu wa ziwani, zipo, na kupika najua, mama yako alinifundisha alipougua. Napika. Lakini nikiweka bugali mezani naona kama nimeiiba mahali. Maisha yangu yote mkono wangu uliingia sahani moja na mkono wa mtu mwingine. Basi naifunika, asubuhi nawapa kuku wa jirani. Kuku wananenepa.

Papa


Minova, tarehe 28 Mei 2023

Papa yangu,

Sina salamu leo, nimelia tu. Napima nguvu za watu wa wengine, na wa kwetu anaisha. Mwezi wa sita ukifika mwisho naacha kazi, narudi nyumbani. Professeur anasema nikiondoka sasa vipimo vyote vinapotea. Vipotee. Masomo nitarudia. Papa harudiwi.

Lucie


Bukavu, tarehe 25 Juni 2023

Binti yangu Lucie,

Nakusalimu sana, natumaini barua hii inakukuta kabla hujafunga mizigo. Ifungue tena.

Nilisoma kwamba unaacha kazi kwa ajili yangu, nikaona aibu. Kesho yake nilikwenda kwa Maman Georgette. Mgongo ulikuwa umemlaza. Nikamwambia nitapandisha unga wake kidogo kidogo, na yeye anipe nafasi kwenye sahani yao. "Papa, sahani haina bei. Kuja tu." Nikakataa kwenda bure.

Usiogope. Nabeba kilo chache, na kamba ya mzigo siiweki kwenye paji la uso kama wamama, kwa sababu uliniambia inaharibu shingo. Siku ya kwanza nilipumzika kila kona. Kijana mmoja wa barabarani akapiga kelele: "Muzee, leo umekuwa maman?" Mwenzake akamjibu: "Umuache! Bamaman banateseka siku zote, na weye hata ndoo haubebe." Nilicheka, nikaendelea kupanda.

Mlimani ndipo njaa iliponikuta. Nilikuwa nimeisahau sura yake. Tunakula watu sita, na ukizubaa samaki hawakungoji.

Kwa hiyo nitoe kwenye ushahidi, sifai tena, ninabeba. Maliza kazi yako, ndipo urudi.

Maman Georgette anapiga dirisha: "Papa Constantin, sombe iko inapoa! Barua itakushibisha?"

Nakwenda.

Papa yako