Kufuli Lenye Uso Unaocheka

Jumatatu, 3 Machi

Semina kutwa nzima. Ukumbi una feni moja, nayo ilimwelekea Mkuu wa kitengo peke yake.

Mwezeshaji ni mama mpole mno, anaongea kama anabembeleza mtoto alale. Kasema watoto wengi wanaoletwa kliniki yetu ya uzito si walafi. Wapo waliopigwa, waliofiwa, waliolala njaa. Wana kiwewe, na chakula ndicho kimbilio lao. Kwa hiyo tusiwaanze na "unakula nini?" Tujue kwanza wamepitia nini — na hata hilo tusilichokonoe kwa pupa. Mtoto ajisikie salama, mengine yatafuata.

Nimekubali kila neno! Mimi ni nesi wa mzani, nimewaona watoto hao kwa macho yangu. Nilitaka kusimama nipige makofi.

Akasimama Mkuu. Kasema tutakuwa wa kwanza kutoa Huduma Tambuzi ya Kiwewe, kwa kifupi HUTAKI. Watu wakaangua kicheko. Kumbe hakuwa anatania. Mapumziko tukaletewa soda na keki.

Jumatano, 5 Machi

Mabadiliko yameanza! Bango jipya mlangoni: HAPA NI MAHALI SALAMA. Chini yake lile la zamani: MTOTO ASIYEVUA SWETA HAPIMWI. Nimeuliza kama tunalibandua. Mkuu kasema lile ni la bajeti nyingine.

Halafu mzani. Mzani uko mwanzo wa korido. Karani wa kumbukumbu yuko mwisho wa korido, maana ndiko iliko soketi ya kompyuta yake. Miaka nenda rudi mimi napima, napaza sauti — "Sitini na mbili!" — yeye anaandika, na benchi zima la wazazi linageuza shingo. Nimependekeza tutafute waya mrefu wa umeme, karani asogee. Mkuu kasema huo ni ufumbuzi wa kiufundi, sisi tunataka wa kihisia. Kaamua kilo zisitajwe tena. Tutaje matunda. Wepesi ni limau, wanafuata chungwa na papai, wazito ni tikiti.

Hata adhuhuri haijafika, watoto wa chanjo, wasiohusika kabisa, walikuwa wanajua. "Tikiti huyoo!" Mtoto mmoja kalia mpaka kapaliwa. Mkuu kaandika kwenye ripoti: watoto wameanza kuonyesha hisia zao.

Ijumaa, 7 Machi

Kaja bibi na mjukuu wake, msichana wa miaka kumi. Sweta nene, na joto hili! Magoti yanamuuma. Usiku anakoroma hadi pumzi inakatika. Daktari wa watoto kawaambia wazi: asipotibiwa, moyo utaelemewa. Hapa si mambo ya urembo.

Lakini sweta havui. Na asiyevua hapimwi, asiyepimwa hafunguliwi faili, asiye na faili hatibiwi. Mahali salama!

Nimempima na sweta lake, kaupa kisogo mzani asione namba. Nimeiandika kwenye kipande cha karatasi, nikampelekea karani kwa miguu yangu mwenyewe. Karani kashangaa: kumbe inawezekana? Mfuko wa sweta ulikuwa umetuna. Vipande vya mkate. Sikuuliza kitu.

Yote yalikwenda vizuri mpaka Mkuu alipotokea na Kufuli la Afya. Huo ndio mradi wetu mkubwa, wa wafadhili. Kila familia inapewa kufuli la kabati la chakula, ufunguo anakaa nao mlezi. Tangu semina makufuli yamebandikwa uso unaocheka na maneno NAFUNGA KWA UPENDO. Msichana kaliona, kaanza kutetemeka. Mkuu kamwangalia kwa huruma. Kasema ni baridi, ndiyo maana kavaa sweta.

Alhamisi, 13 Machi

Bibi kaja peke yake. Macho yamevimba. Kasema tangu afunge kabati mtoto halali, anakaa sakafuni ameliegemea mpaka kunakucha. Juzi jirani kamkuta anachakura pipa la taka.

Kisha kanieleza, bila kuulizwa. Mama yake alipofariki, mtoto alichukuliwa na baba yake mkubwa. Kule wakisafiri walikuwa wanamfungia jiko, wanaondoka na ufunguo. "Nilipokwenda kumchukua, mwanangu, alikuwa mifupa mitupu. Nikamlisha mpaka akanenepa hivi. Sasa nyinyi wasomi mmenipa kufuli, na mimi mjinga nikafunga!"

Kalia. Mimi pia nimelia, siwezi kujificha kwenye shajara yangu.

Nikamwambia, bibi, nenda ukalitoe leo hii. "Na daktari mkubwa je?" Huyo niachie mimi, nikasema. Maneno hayo! Alipotoka tu nikaanza kufanya mazoezi ya maneno ya kumwambia Mkuu.

Jumanne, 18 Machi

Nimemwona Mkuu. Kanisikiliza kama tulivyofundishwa, kichwa ameinamisha upande.

"Ninasikia ukisema kufuli linaumiza."

Ndiyo, daktari.

"Na wewe unajisikiaje kuhusu hilo?"

Vibaya sana!

"Asante kwa kunishirikisha." Kanishika bega taratibu, na ghafla nikajikuta niko nje na mlango umefungwa. Mtu unafukuzwa na bado unajiona umeheshimiwa — hiyo nayo ni kazi ya semina.

Baadaye karani kaninong'oneza. Stoo imejaa makufuli hadi dari. Wafadhili wanataka kuona yameisha.

Ijumaa, 21 Machi

Kaja! Kaja mwenyewe, anamvuta bibi yake mkono!

Kabati liko wazi. Bibi kaongeza jambo lake mwenyewe, hakuna daktari aliyemfundisha: kila usiku anaacha sahani ya chakula mezani, kaifunika. Mwanzo mtoto alikuwa anaimaliza yote. Sasa anaamka, anafunua, anaona chakula kipo, anafunika, anarudi kulala. 

Uzito haujashuka, umepanda kidogo. Haidhuru. Mfuko wa sweta leo ulikuwa mtupu. Na kanichekea — ana pengo la jino, sikuwa nimeliona.

Bahati mbaya na Mkuu kaliona. "Huyu!" kasema. "Huyu ndiye sura ya HUTAKI!" Wiki ijayo wanakuja wafadhili. Mgeni rasmi atakabidhi kufuli la elfu moja tangu mradi uanze, jukwaani. Kwa nani? Kwa msichana huyu!

Nimesema haiwezekani. Nikamkumbusha yote niliyomweleza. Kasema ndiyo uzuri wenyewe, mtoto atakabiliana na kiwewe chake, tena mbele ya kamera.

Kisha kamgeukia bibi. Mtoto anahitaji rufaa ya hospitali kubwa, apimwe pumzi usiku na apewe mashine ya kumsaidia kupumua. Rufaa anasaini Mkuu. Hakumtisha, la. Kasema tu kwamba familia zenye ushirikiano huwa hazisahauliki. Bibi kala chumvi nyingi, hakuhitaji tafsiri. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," kaniambia pale mlangoni, hata usoni hakuniangalia.

Jumatano, 26 Machi

Mazoezi ya sherehe. Mimi nitabeba sinia. Kwa nini mimi? "Kwa sababu mtoto anakuamini."

Nimeipokea sinia. Rufaa haijasainiwa.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika chumba cha sindano, sherehe inaendelea nje. Hotuba ya tatu hii. Kipaza sauti kinakoroma, kila baada ya sentensi mbili nasikia neno "usalama" na makofi.

Tumeambiwa tusubiri humu mpaka tuitwe. Mimi, bibi na msichana. Kavaa gauni la njano, sweta kaliacha nyumbani — kwa hiari yake! Kamwambia bibi watu hawavai sweta siku ya zawadi. Maana hivyo ndivyo alivyoambiwa. Zawadi. Mkuu kasema zawadi, karani kasema zawadi, bibi naye kasema hivyo hivyo huku anatazama ukuta. Barua ya rufaa Mkuu anayo kwenye koti, kanionyesha. Atasaini wakishapiga picha.

Sinia iko magotini kwangu, imefunikwa kitambaa cheupe. Msichana haondoi macho hapo.

"Dada nesi, kuna nini humo?"

Nikimwambia, huenda asipande jukwaani, na rufaa ikaota mbawa. Nisipomwambia, sinia itafunuliwa kule juu, mbele ya watu wote. Bibi katikisa kichwa: usiseme.

Nimefunua.

Wamelifunga utepe mwekundu. Uso unacheka.

Hakulia. Kaliangalia tu, mikono kaikunja kwenye gauni. Nimemwambia si lazima apande. Nimemwambia mimi sikulitaka, na bibi yake hakulitaka. Kama kanisikia sijui. Naandika ili nisimkazie macho.

Sasa hivi kaniuliza, sauti ya chini:

"Na ufunguo watampa nani?"

Utaratibu ni mlezi. Mgeni anampa mtoto kufuli, mimi nampa mlezi ufunguo, picha inapigwa. Nimemwambia ufunguo ninao mimi, mfukoni. 

Nje wanaita. Mkuu anagonga mlango, polepole, kwa upendo — "Mko tayari kihisia?"

Msichana hageuki hata kuutazama mlango. Kaninyooshea mkono, kiganja wazi, anasubiri —