Leso Yako Yenye Maji

Mwaitu, mama yangu,

Jumapili Shangazi Mwende alikuja na neno: kwa kuwa wewe umeshazikwa, niache kazi ya gazeti, nirudi nyumbani nikae karibu na jiko nitunzwe. "Mgonjwa ni wa kukaa," alisema. Ungecheka.

Unakumbuka tulivyoanza. Daktari alisema ni MS, kwamba kinga ya mwili wangu inashambulia utando wa mishipa yangu ya fahamu. Ukanitunza kama mgonjwa anavyotunzwa kwetu: sweta, blanketi, uji wa moto, kigoda kando ya moto. Ikifika jioni miguu haikuwa yangu na jicho la kushoto lilijaa ukungu. Ukaongeza blanketi.

Kliniki ulimuuliza nesi mbona nazidi kuumwa. Akanitazama nilivyofungwa. "Mama, joto ndilo linamlegeza. Mtoe hiyo sweta." Ukanivua, tukatembea hadi stendi. Hapo ukachovya leso yako kwenye maji ya mfereji, ukanizungushia shingoni, watu wakitazama.

Hukurudia blanketi tena. Asubuhi, kabla jua halijakaza, tulikwea matuta ya shamba, mimi na fimbo, wewe na jembe. Nikiharakisha ulinikemea: "Unakimbizwa na nani?" Saa sita nililala. Shangazi alichungulia dirishani siku moja.

"Aki, msichana mzima, mchana kweupe!"

"Analala ndiyo jioni afanye kazi," ulimjibu. "Wewe hujalala. Umefanya nini?"

Hivyo ndivyo ninavyoishi bado. Naandika asubuhi, napumzika mchana, sikosi dawa. Miguu ikibadilika ghafla napigia kliniki, singoji. Wanaoniletea chupa za dawa ya kumaliza MS nawauliza wanipe jina la mmoja aliyepona, niende nimhoji. Wanaondoka na chupa zao.

Sitakaa karibu na jiko. Ugonjwa huu hauponi, najua, na ziko siku zinazonilaza. Siku nyingine zote ni zangu.

Nilimwambia Shangazi hivyo. Akanuna, kisha akatoa zawadi mfukoni: sweta nzito aliyonifumia mwenyewe. Nilishukuru, nikaikunja. Nitaivaa Julai, baridi ikija.

Kesho asubuhi niko sokoni Kyumbi, niongee na wauza nyanya kabla jua halijapanda. Leso yako nimeshailoweka.

Ni mimi binti yako, niliye kazini.