Gorogoro ya Maneno ya Kijapani

Migori

Mama yangu mpenzi,

Kabla sijakuamkia, jua kwamba anayekuandikia ni Mjapani wa kwanza kuzaliwa Malindi. Shule iliyoachana nami kidato cha pili ijute yenyewe. Sasa shikamoo. Goti lako vipi? Na paa la jikoni, bado linavuja juu ya sufuria? Mimi ni mzima, nimenenepa, na Mjomba hawezi kuendesha duka hili la simu bila mimi, ingawa yeye atakwambia kinyume.

Kijapani nimefunzwa na Dada Atieno, binti kutoka Karungu, kando ya ziwa, anayetengeneza simu kwenye meza ya mbele ya duka letu. Anataka kwenda Japani kutunza wazee, na ili achukuliwe lazima apite mahojiano Homa Bay, kwa Kijapani chao. Vitabu vilimchosha, akaamua kuunda mchezo wa kwenye simu wa kumfunza maneno. Mama, sijaona kichwa kama kile. Kompyuta yake ni kuukuu, herufi A imeng'oka, anaibonyeza kwa kijiti. Umeme ukikatika anaendelea kuchora kwenye maboksi ya chaja. Hakuna aliyemfundisha. Alitazama video, akajaribu, ikagoma, akacheka, akajaribu tena. Mimi ningeitupa kompyuta mtoni.

Mchezo wenyewe ni gorogoro, lile kopo ambalo mamake hupimia omena, dagaa wa huku, sokoni. Maneno yanadondoka kama vidagaa. Ukijua kwamba mizu ni maji, neno linaingia. Ukikosea linaruka nje, na kesho linarudi kukusumbua mpaka ulijue. Gorogoro ikijaa unasikia sauti ya mamake mwenyewe, aliyoirekodi palepale sokoni, ikisema "Erokamano", yaani asante. Siku ya kwanza kuisikia nilijaza gorogoro nyingine papo hapo ili niisikie tena.

Mjaribu mkuu wa mchezo nilikuwa mimi, nani tena. Nikamwambia una kasoro moja, hauna nyongeza. Huku ukinunua omena, muuzaji hukutilia kiganja juu ya kipimo, na asipokutilia humrudii. Nikataka gorogoro ikijaa, mchezaji arushiwe maneno ya bure juu, asiulizwe, yahesabiwe kwamba anayajua.

"Mama huongeza omena," akasema. "Haongezi maneno."

"Basi mamako anajua biashara kukushinda."

Akacheka, akaiweka. Vijana wa bodaboda hapa nje, ambao mchezo ulikuwa umewachosha, wakaanza kushindana nani ana gorogoro nyingi. Mmoja alimwambia abiria wake "arigato", asante ya Kijapani, abiria akadhani ameongezewa nauli.

Wiki iliyopita Atieno akaenda Homa Bay, gorogoro zake zote zimejaa. Hawakumchukua. Wamemwambia ajaribu tena mwakani. Hapa mtaani nimeshawaeleza wote kwamba ilikuwa mvua, gari lilichelewa, tena yule bibi wa Kijapani aliyemhoji alikuwa anaongea haraka kama dalali wa ng'ombe. Kesho yake Atieno mwenyewe alikuwa mezani, anatengeneza spika ya simu ya mtu.

Nisalimie Shangazi Mwanaisha, fundi wa kanzu yangu. Mwambie hainitoshi, lakini kosa ni la ugali wa huku. Mdogo wangu Rukia avue viatu vyangu, najua amevivaa hata sasa anapokusomea. Babu apewe habari kwamba redio yake itarudi ikiongea.

Lakini wewe, Mama, sikudanganyi. Haikuwa mvua. Yule bibi alijifanya mzee mgonjwa, akasema hiza yake inamuuma, na Atieno akamshika bega. Aliporudi alifungua simu yake mbele yangu. Hiza ilikuwemo, juu kabisa ya gorogoro, kwenye kiganja cha nyongeza. Mchezo haukuwahi kumuuliza hata mara moja, naye aliiamini gorogoro yake kwa kuwa ilikuwa imejaa. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Swaleh, wewe unajua hiza ni nini?"

Gorogoro zangu zimejaa kuliko za mtu yeyote Migori, Mama. Sikujua.

Ni goti.

Mwanao,
Swaleh