Mgongo wa Kumbebea Hamida

Jumatatu, 9 Desemba 2024
POP, lile plasta la mkononi, imetolewa. Mkono umekonda, kama si wangu! Dakta kauliza tena nilivunjikaje. Nilikuwa nafukuza kuku, nikaanguka. Kasema mtu wa miaka hamsini na moja havunjwi na kuku. Kaona kovu la operesheni shingoni, kauliza habari za lile rovu. Nikasema ukweli: kabla ya kupasuliwa niliacha vidonge miaka minne, kwa sababu nilikuwa nakonda na kiuno kilinipendeza. Hakucheka. Kumbe tezi ilikuwa inamwaga homoni kupita kiasi, zikala mifupa. Rovu limeondoka, mifupa haikurudi. Nisibebe zaidi ya kilo tano.

Kilo tano! Na Jumamosi namtoa mwali.

Jumanne, 10 Desemba
Hapa Milola kwetu mwali akitoka unyago, somo wake humbeba mgongoni toka mlangoni hadi uwanjani, watu wote wakitazama. Somo wa Hamida ni mimi, shangazi yake. Sikujaaliwa kuzaa. Huyu nimemngoja miaka kumi na mitatu. Nikishindwa atabebwa na mama yake mdogo, Sauda, ambaye tangu Maulidi ananyoosha kiuno makusudi mbele yangu.

Jumatano, 11 Desemba
Nimeazima mizani ya korosho kwa kaka Yassini — eti ya kupimia mchele wa sherehe. Nikaingia nayo kwa mwali. Mwezi mzima yumo ndani, anakula tu. Kilo hamsini na tatu! Nimemwambia apunguze wali. Kasema, "Shangazi, si wewe unayenipakulia?" Kweli, ni mimi.

Ijumaa, 13 Desemba
Sauda kapata habari za dakta, sijui kwa nani. Kaja na shikamoo ndefu, kwa upole mno, eti yuko tayari kunipokea kumbeba mwali. Nikamjibu mgongo ninao. Nilisema kwa sauti, majirani wasikie.

Jumamosi, 14 Desemba
Alfajiri nilifanya majaribio. Nusu gunia la korosho mgongoni. Hatua sita — safi kabisa. Ya saba, kitu kikatoa mlio mgongoni: ko. Nikaliachia gunia, nikajikokota hadi kitandani. Ndiko ninakoandikia. Sijamwambia mtu.

Ngoma imefika mlangoni. Dirishani namwona Sauda kajifunga kibwebwe. Namsikia Hamida chumba cha pili: hapandi mgongo wa mtu ila wa Shangazi, hata ikibidi alale humo mpaka kesho. Nimelia, kwa furaha kwanza.

Yassini anagonga. Nimesema naja, natafuta kanga. Kanga nimeilalia. Kuinuka nimejaribu mara tatu.