Mabati Mapya ya Jiko la Zamani

S.L.P. 41,
Mogogosiek.
14 Juni 1996

Mpendwa kaka Kimutai,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Natumaini huko Pune u mzima na joto halijakumaliza. Sisi hatujambo, na majani chai yanachipua vizuri. Mama ana afya isipokuwa macho, na ni kwa sababu ya macho hayo ninakuandikia nikiwa na hasira.

Unalikumbuka jiko la zamani lenye mabati yaliyotoboka. Mwezi wa Januari nililifagia, nikaning'iniza vipande vya ile karatasi ya kung'aa inayotandikwa ndani ya masanduku ya majani chai, pamoja na vioo vilivyovunjika. Chini nikaweka karai la maji. Jua la saa tatu likipenya matunduni, ukuta wote ulijaa mwanga unaotembea. Ilinichukua wiki sita kupata mahali pa kila kipande. Rebeccah wa jirani alikuja kuazima jembe, akakaa mpaka saa tano.

Mama hatambui tena uso wangu, lakini madoa yale ya mwanga aliyaona. Aliyapa majina ya ng'ombe wake wa zamani, akawa anawaita wakiingia. Alicheka, Kimutai. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Baba atuache.

Nawe ukaandikia kanisa kwamba jiko la mama yako linavuja. Kwa nini hukuniuliza? Mzee Johana akaja na vijana wake nikiwa kiwandani, wakamkuta Mama ameketi mle, wakamhurumia. Wakaezeka mabati mapya, wakaimba, wakaomba. Karatasi zangu walizichoma wakidhani ni takataka. Nilipofika nilipewa soda, nikaambiwa nishukuru, nikashukuru. Ningegombana na nani?

Inaniuma sana. Kila asubuhi Mama bado anataka nimpeleke. Anaketi gizani akiuelekea ukuta, kisha ananiuliza, "Elmina, ng'ombe bado hawajarudi?" Namwambia bado.

Jumapili, watu wote wakiwa kanisani, nitapanda juu na nyundo na msumari wa inchi nne. Mzee Johana akikuandikia kulalamika, mwambie wewe ndiye uliyenituma. Hilo nakudai, na usikatae.

Mume wangu Robert anakusalimu, na shangazi Rodah pia. Mungu akutunze mpaka tukuone mlangoni.

Wako akupendaye, hata leo,
Dada yako Elmina