Mchanga Uliombana Mwaitu

Jumapili, Septemba 1984. Jua kali tangu asubuhi, upepo wa vumbi, na moyo wangu mzito.

Sikwenda kanisani. Nimeketi mlangoni kwa mama, mwaitu kama tunavyomwita kwetu, nikisikiliza anavyopumua. Anapumua kwa vipande vipande, mkono umeshika mbavu. Yuko hai. Leo nimejiambia hivyo mara nyingi.

Jana mchanga ulimfunika hadi kifuani.

Mto umekauka, kwa hiyo kila boma limechimba shimo lake mle mtoni kufuata maji yaliyo chini. Letu limeshapita kimo cha mtu. Ni jembamba, na ukingoni tumerundika mchanga tuliotoa, tukachomeka miiba juu yake ng'ombe wa watu wasituchafulie maji. Kila mtu huku hufanya hivyo. Mwaitu alikuwa chini akiteka kwa kata, mimi juu nikipokea mtungi, upande mmoja wa shimo ukaachia.

Nilimshika mikono nikavuta. Hakusogea hata kidogo. Majirani walikuja mbio tukafukua kwa sahani na kwa vidole mpaka akatoka. Alichoniambia baadaye ndicho kinachonisumbua: kila alipotoa pumzi, mchanga uliingia pale kifua kilipopungua, na alipotaka kuvuta nyingine haukurudi nyuma.

Mimi hufundisha Fizikia katika shule ya harambee karibu na Kabati. Ijumaa nilisukuma kipande cha mbao mezani nikiwaeleza kidato cha pili sheria za mwendo. Ukikisukuma huku, chote kinakwenda. Mchanga nao unafuata sheria zile zile, ila hauendi wote kwa pamoja. Kila chembe inasukuma jirani yake, na huyo anasukuma mwingine, hata uzito uliokaa juu unaishia kusukuma ubavuni. Lile lundo letu la mchanga na miiba lilikuwa likisukuma ukuta wa shimo kila siku, nasi tukizidi kuliongeza.

Mimi niliona ua tu wa kuzuia ng'ombe.

Mchana nimemwomba mwaitu tuhamishe lundo mbali na tupanue shimo, kuta zilale kama mteremko. Kazi hiyo inataka mwethya, yaani majirani waje kuchimba pamoja nasi, na maji yawe ya wote. Tangu baba alipofariki mwaitu hajawahi kuchangia shimo na mtu.

"Maji ni kidogo, mwalimu," alisema, akimwonyesha punda wetu aliyefungwa nje. "Wakikuja wote, huyu punda atakunywa nini?"

Hakuna kanuni ninayoijua inayoongeza maji.

Akafumba macho, nikadhani amelala.

"Waite," akasema. "Lakini lazima mtu aingie chini kwanza, waone ukuta unashika. Na wale waliniona jana, hakuna mwenye ataingia."

Mimi pia nilimwona. Naliogopa shimo lile. Nimepiga hesabu mara mbili na inasema mteremko utashika, lakini sijawahi kupiga hesabu ambayo mtu atasimama ndani yake.

Mtungi uliobaki hautavuka kesho. Asubuhi nawaita, na ukuta ukishalazwa naingia mimi kwanza. Nimeliandika hili mchana kweupe, kwa wino, ili kukicha nisije nikajifanya sikuamua.